Nairobi hadi New York kwa ndege: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa safari

Waulize watu watatu Nairobi hadi New York ni saa ngapi kwa ndege. Mmoja atakwambia kumi na tatu, mwingine kumi na tano, wa tatu ishirini na moja, na wote watatu watakuwa sawa. Wa kwanza amegawanya kilomita kwa mwendo wa ndege. Wa pili amesoma ratiba ya shirika. Wa tatu amehesabu tangu alipofunga mlango wake Kitengela mpaka alipoweka mabegi chini kwa mwenyeji wake Bronx. Akitokea wa nne akasema saba, huyo ndiye wa kurekebishwa: amechukua saa ya kuondoka na saa ya kufika zilizo kwenye tiketi, akatoa moja kwenye nyingine, akasahau kwamba kila moja ni saa ya mji wake.

Hapa utajifunza kuyapata majibu yote matatu mwenyewe, ukiwa na simu na kalamu. Nimechagua Nairobi na New York kwa sababu ni safari ndefu isiyo na kituo njiani, Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018, na safari ndefu huanika kila kosa la hesabu. Njia ni ileile kwa Entebbe na London, Dar na Guangzhou, au Zanzibar na Muscat.

## Hatua ya 1: Jua uwanja, usiishie kwenye jina la mji

New York ina viwanja vitatu vikubwa vya abiria. Kuna John F. Kennedy, alama yake JFK. Kuna LaGuardia, LGA. Na kuna Newark, EWR, ambao kusema kweli uko jimbo jirani la New Jersey. Nairobi nayo ina Jomo Kenyatta, NBO, na Wilson, WIL, zinakoruka ndege ndogo za mbugani. Ukiandika "Nairobi" tu kwenye tovuti ya kupima umbali, huenda ikakupimia kutoka katikati ya mji badala ya uwanjani.

Kwa upande wa umbali, kosa hilo ni dogo. Kilomita ishirini hazionekani kwenye safari ya karibu elfu kumi na mbili. Kwa upande wa muda ni balaa. Aliyetua JFK na ndege yake ya pili inatoka Newark ana kazi ya kuvuka jiji zima na mto Hudson, mizigo mkononi. London kuna Heathrow na Gatwick, Paris kuna Charles de Gaulle na Orly, Istanbul kuna IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia. Tiketi za bei ya chini hupenda kukubadilishia uwanja kimyakimya, kwa hiyo zisome zile herufi tatu kila mahali zinapotokea kwenye tiketi. Kama umefika kwa LGW (Gatwick) na unaondoka kwa LHR (Heathrow), hiyo ni safari ya barabarani katikati ya safari ya angani.

Hata uwanja mmoja unaweza kukuchelewesha. Anayetoka Mwanza kuunganisha ndege ya nje pale Julius Nyerere, Dar, hushukia jengo la safari za ndani, kisha inambidi ahamie jengo la tatu la safari za kimataifa. Ziongeze dakika hizo kwenye hesabu.

## Hatua ya 2: Pima umbali

Njia ya haraka ni tovuti. Great Circle Mapper ni ya siku nyingi na haina mbwembwe: andika NBO-JFK, ikuchoree mstari na kukupa jibu la kilomita 11,800 na ushee. Kabla hujanakili, angalia kipimo kilichotumika. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, maili ya baharini ni kilomita 1.852, na ni hii ya pili wanayotumia marubani. Umbali uleule wa Nairobi hadi New York ni maili kama 7,350 za nchi kavu na maili kama 6,390 za baharini. Ukikuta watu wawili mtandaoni wanabishana kuhusu "maili" za njia fulani, mara nyingi ubishi wao wote ni huo.

Njia ya pili ni kupiga hesabu mwenyewe, na nakushauri uifanye walau mara moja, kwa sababu baada ya hapo hakuna tovuti itakayokubabaisha. Unahitaji kikokotoo cha simu chenye sin na cos. Simu nyingi huonyesha vitufe hivyo ukiilaza. Hakikisha kinasoma nyuzi, yaani alama ya DEG, wala si RAD. Kikiwa kwenye RAD utapata jibu la ajabu.

Tafuta latitudo na longitudo za viwanja viwili. Kwenye ramani ya simu, bonyeza njia ya kurukia ndege bila kuachia, namba mbili zitatokea. Kusini mwa ikweta ni hasi, na magharibi mwa Greenwich ni hasi:

Jomo Kenyatta: −1.32 na 36.93
JFK: 40.64 na −73.78

Tofauti ya longitudo ni 36.93 kujumlisha 73.78, kwa kuwa mmoja uko mashariki na mwingine magharibi: nyuzi 110.71. Sasa kanuni: zidisha sin za latitudo mbili, kando yake zidisha cos za latitudo mbili pamoja na cos ya tofauti ya longitudo, jumlisha majibu hayo mawili.

sin(−1.32) × sin(40.64) = −0.0230 × 0.6513 = −0.0150
cos(−1.32) × cos(40.64) × cos(110.71) = 0.9997 × 0.7588 × (−0.3536) = −0.2683
Jumla: −0.2833

Bonyeza kitufe cha cos kinyume (cos⁻¹) juu ya −0.2833, upate nyuzi 106.46. Kila nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2 hivi. Zidisha: 11,838. Tuiite 11,840.

Alama ya hasi ya Nairobi ndiyo inayowaponyoka watu. Ukiisahau, yaani ukauweka uwanja nyuzi 1.32 kaskazini mwa ikweta badala ya kusini, jibu linashuka hadi kama 11,640. Kilomita 200 zimepotea na hesabu inaonekana safi kabisa. Wasomaji wa Dar, Mombasa, Zanzibar, Bujumbura, Kigali na Lubumbashi mko kusini ya ikweta kama Nairobi. Entebbe na Kisangani wako kaskazini kidogo tu.

Tovuti mbili zikitofautiana kwa kilomita kumi au kumi na tano, usihangaike. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, baadhi ya tovuti hulizingatia hilo na nyingine huichukulia kuwa duara kamili.

## Hatua ya 3: Tazama ndege inapita wapi hasa

Chukua ramani ya ukutani, weka rula kati ya Nairobi na New York. Mstari utakatiza Afrika na kutokea baharini kwenye pwani ya Mauritania. Sasa chukua tufe, shika uzi kwa kidole pale Nairobi na kingine New York, uvute ukaze. Uzi utapanda zaidi kaskazini: Uganda, Sudan Kusini, Darfur, Chad, Niger, kusini mwa Algeria karibu na Tamanrasset, kisha Morocco jirani na Marrakech, halafu Atlantiki. Uzi ndio ukweli. Ramani bapa imeitanua dunia upande wa kaskazini ili iweze kulala juu ya karatasi, na ukiufuata mstari wa rula utasafiri kilomita kama 350 za bure.

Ndiyo maana kwenye skrini ya kiti unaona ndege imejipinda kuelekea kaskazini, na abiria wa pembeni anakuuliza kwa nini rubani anazunguka. Hazunguki.

Lakini wakati mwingine anazunguka kweli. Ndege hupita kwenye anga ya nchi, na nchi hufunga anga. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga yake ilifungwa, na ndege zilizokuwa zikipita Khartoum kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kusogea pembeni. Mwaka huohuo, tarehe 6 Agosti, watawala wa kijeshi wa Niger walifunga anga yao, wakaifungua mapema Septemba. Ukiitazama ile orodha ya nchi chini ya uzi wetu utaelewa athari yake. Nje ya vita kuna dhoruba, na kuna waongoza ndege wanaopanga foleni angani. Kwa safari ndefu, chukulia kwamba ndege itasafiri zaidi ya umbali wa tufe kwa asilimia mbili hadi tano. Kwa njia yetu hiyo ni kilomita 240 hadi 600, kwa hiyo ukiona programu inasema ndege imesafiri kilomita 12,200, haijakosea.

## Hatua ya 4: Geuza kilomita kuwa saa

Boeing 787, ambayo Kenya Airways wanaitumia kwa njia hii, ikishatulia angani huenda kwa kilomita kama 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900: saa 13 na dakika 9 hivi. Hilo ndilo jibu la yule mtu wa kwanza, na hakuna abiria anayelipata, kwa sababu ndege haianzi na 900. Inatambaa kuelekea njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapaa taratibu, na mwishoni inapunguza mwendo na kuzungushwa kabla ya kutua.

Kanuni ninayoitumia ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Kwa njia yetu: 11,840 ÷ 850 = 13.9, ongeza 0.5, unapata saa 14 na dakika 25 hivi. Nairobi hadi London Heathrow, kilomita kama 6,840, inatoa saa 8 na nusu. Nairobi hadi Mombasa, kilomita kama 420, inatoa saa moja. Kwa safari fupi kuliko hapo achana nayo. Kati ya Dar na Zanzibar ndege haipati hata nafasi ya kukimbia. Na kama ni ndege ya mapanga, ATR kwa mfano au Dash 8, weka 450 mahali pa 850.

Uko muda mmoja zaidi wa kuutenganisha. Mashirika ya ndege huhesabu tangu ndege inapoachia maegesho hadi inapoegeshwa tena, wala si tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Ratiba huandikwa hivyo, na juu yake hupakwa dakika za akiba ili ndege ihesabiwe imewahi. Ndiyo sababu rubani anaweza kutangaza "muda wetu wa kuruka leo ni saa 14 na dakika 5" kwenye safari uliyouziwa kama ya saa 15. Programu za simu hazikubaliani kwa sababu hiyohiyo: moja inaonyesha muda wa angani, nyingine muda wa maegesho hadi maegesho. Soma maelezo madogo chini ya namba.

Kuna jambo la Nairobi lenyewe ambalo hesabu hizi hazilionyeshi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko juu ni nyepesi, jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, na ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inahitaji hewa nzito chini ya mabawa. Boeing wanasema 787-8 inaweza kwenda kilomita 13,530, kwa hiyo 11,840 inaonekana mchezo. Ukiongeza upepo wa mbele, mafuta ya akiba yanayotakiwa kisheria na mwinuko wa uwanja, nafasi inabana haraka. Kuondoka usiku, kukiwa na baridi, husaidia. New York iko kando ya bahari, kwa hiyo ndege ikirudi haina shida hiyo.

## Hatua ya 5: Weka upepo

Manahodha wa majahazi ya pwani hawakuuliza Muscat ni maili ngapi. Waliuliza kusi imeanza au bado. Ndege za leo hazisubiri msimu, lakini upepo bado unazidai.

Juu sana, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, katika latitudo za kati za kaskazini, kuna mikondo ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi ya kaskazini hupata nguvu zaidi. Anayekwenda Marekani anapambana nao uso kwa uso. Anayerudi anasukumwa mgongoni. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 2020, dhoruba Ciara ikiwa inaipiga Uingereza, ndege ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6.

Piga hesabu yake. Upepo wa mbele wa wastani wa kilomita 50 kwa saa unaishusha 900 kuwa 850, na njia yetu inakuwa saa 13 na dakika 56. Upepo huohuo ukiwa nyuma unaipandisha hadi 950, safari inakuwa saa 12 na dakika 28. Karibu saa moja na nusu ya tofauti, kilomita zilezile.

Lakini ukilinganisha ratiba utaona jambo la kushangaza. London na New York, kilomita kama 5,540 tu, kwenda na kurudi hutofautiana kwa karibu saa nzima. Nairobi na New York ni zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini ratiba ilipoanza 2018 ilikuwa saa 15 kwenda na 14 na nusu kurudi. Jibu liko kwenye uzi wa hatua ya 3. Zaidi ya theluthi moja ya njia yetu iko kwenye tropiki, ambako pepo za juu ni dhaifu. Njia ya London iko ndani ya mkondo mkali karibu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo usichukue tofauti ya safari moja ukaibandika kwenye nyingine. Safari za kaskazini kwenda kusini, kama Nairobi na Johannesburg, hazina tofauti kubwa ya kwenda na kurudi, kwa sababu upepo huo unazipiga ubavuni.

Na tafadhali, aliyekwambia kwamba kurudi ni haraka au polepole kwa sababu dunia inazunguka chini ya ndege, mwambie hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Ingekuwa kama anavyosema, helikopta ingepaa Nairobi, ikasimama angani saa moja, na kushuka Congo.

## Hatua ya 6: Soma tiketi kama inavyotakiwa kusomwa

Hapa ndipo pesa na safari hupotea, kwa hiyo tusiharakishe.

Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika. Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, saa ya kufika ni ya mji unaofika. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC), ile inayotumika kupimia saa za nchi zote, mwaka mzima. Burundi na Rwanda ziko mbili mbele, Oman nne. Congo ina saa mbili tofauti: Kinshasa iko moja mbele, Lubumbashi na Goma mbili. New York iko nyuma: saa tano kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa nne kuanzia Jumapili ya pili ya Machi. Kwa hiyo kati ya Nairobi na New York kuna saa nane wakati wao wa baridi, na saa saba wakati wao wa joto.

Tuchukue nyakati zilizotangazwa safari ilipoanza. Ndege inaondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25 kesho yake. Tuseme ni Januari. Igeuze saa ya kufika kuwa saa ya Nairobi: 06:25 jumlisha 8 ni 14:25. Kutoka 23:25 hadi 14:25 ni saa 15 kamili. Ukitumia saba badala ya nane, kwa kuwa binamu yako alikwambia mwezi Julai, utapata 14, na aliyekuja kukupokea atakaa uwanjani saa nzima akikupigia simu iliyozimwa.

Kurudi: inaondoka New York 12:25, inafika Nairobi 10:55 kesho yake. 12:25 jumlisha 8 ni 20:25 za Nairobi. Mpaka 10:55 ni saa 14 na dakika 30. Kanuni ni moja: peleka saa zote mbili kwenye mji mmoja, ndipo utoe.

Kutokana na hesabu hiyo utajua mengine ambayo tiketi haisemi. Anayekwenda Januari ataondoka gizani na kutua gizani, maana mwezi huo jua la New York huchomoza baada ya saa 1 asubuhi. Usiku wake utapita saa ishirini. Mwenye dawa za kumeza kila baada ya saa kadhaa, na hasa anayejidunga insulini, aulize daktari mapema afuate saa ya nyumbani au ya kule, kwa sababu saa ya simu itajibadilisha yenyewe bila kumwuliza.

Sasa tuje kwenye mtego wetu sisi wenyewe. Tiketi huandikwa kwa saa 24, sisi tunahesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Kugeuza ni rahisi: ondoa sita. 14:25 ni saa 8:25 mchana. 20:25 ukitoa sita ni 14:25, toa tena kumi na mbili, saa 2:25 usiku. Shida ni zile ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi inasema 00:40, tarehe 15. Kwa Kiswahili hiyo ni saa 6:40 ya usiku wa kuamkia tarehe 15, maana yake unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Wapo wanaofika jioni ya tarehe 15 na mabegi yao, ndege imeondoka jana usiku. Kabla hujamtumia mzee ujumbe wa safari yake, usimwandikie "00:40 tarehe 15". Mwandikie: "Baba, Jumanne saa mbili na nusu usiku uwe umeshafika uwanjani, ndege inaondoka saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumatano." Atakuelewa.

Alama ya +1 karibu na saa ya kufika inamaanisha utafika siku inayofuata, na +2 siku ya pili yake. Ziangalie kabla ya kulipia hoteli.

## Hatua ya 7: Ukiunganisha ndege, jumlisha vipande

Msomaji wa Dar atasema mimi sina ndege ya moja kwa moja. Sawa. Mstari wa uzi kutoka Dar hadi JFK ni kilomita kama 12,440. Kupitia Nairobi, vipande viwili vinaleta 12,510. Umepoteza sabini tu. Kupitia Istanbul ni 13,490. Kupitia Doha ni 14,590, yaani unakwenda mashariki kwanza, kisha unageuka kurudi magharibi, kilomita 2,150 zaidi.

Je, Nairobi ndiyo ya haraka? Si lazima. Angani ni saa 1 na dakika 20 na saa 15, jumla 16 na dakika 20. Doha ni karibu 6 na karibu 14, jumla 20. Lakini ukisubiri Nairobi saa tisa, safari ni zaidi ya 25. Ukisubiri Doha saa tatu, ni 23. Kwenye safari za kuunganisha, muda wa kusubiri ndio unaoamua, kilomita zinafuata nyuma. Angalia muda wote wa safari uliojumlishwa, na uuhakiki kwa kanuni ya mji mmoja.

Kusubiri kufupi mno ni hatari vilevile. Saa moja katikati ya ndege mbili kubwa, ukitua na kuchelewa dakika ishirini, ni mbio. Mimi sinunui chini ya saa mbili. Kama tiketi zako ni mbili tofauti, zilizonunuliwa kila moja peke yake, weka saa tano au zaidi, maana ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako wala halikujui. Kwenye tiketi moja wanalazimika kukutafutia ndege nyingine. Na anayeingia Marekani, kwa kawaida hupita uhamiaji, huchukua mizigo yake na kuikabidhi upya kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama mwisho wa safari ni Minneapolis au Dallas. Saa tatu JFK si nyingi.

Uliza pia kama ndege unayoambiwa "haibadilishi" inashuka njiani. Zipo ndege za Ulaya zinazounganisha Dar na Kilimanjaro au Zanzibar katika safari moja, kushusha au kupakia wengine. Namba ya safari ni moja, kiti ni kilekile, lakini utakaa ndani ukisubiri saa nzima au zaidi.

## Hatua ya 8: Mlango hadi mlango, kisha hakiki

Yule mtu wa tatu alipataje ishirini na moja? Kitengela hadi uwanjani, saa moja akiwahi foleni. Uwanjani saa tatu kabla. Ndege 15. Uhamiaji na mizigo JFK, saa moja kama bahati iko upande wake. Gari hadi Bronx, saa moja. Anayetoka Kisumu au Arusha aanzie huko.

Mwisho kabisa, linganisha hesabu yako na yaliyotokea. Tovuti za Flightradar24 na FlightAware huonyesha safari za siku zilizopita kwa namba ya ndege: iliondoka saa ngapi kweli, ikatua saa ngapi. Tazama siku saba za nyuma, usichukue moja. Kama ratiba inasema saa 15 na ndege imekuwa ikitua mapema kwa nusu saa, umeziona zile dakika za akiba walizoziweka. Kama huchelewa kila Ijumaa, panga unavyoona. Anayekwenda kumpokea mgeni aangalie hapohapo kabla hajawasha gari: ndege ikionyesha bado iko juu ya Ethiopia au Sudan Kusini, kuna muda wa chai, na baada ya kutua ongeza dakika arobaini hadi saa moja kabla mgeni hajatokeza na toroli lake la mizigo.